Mazoezi ya Kukosa

Novemba, Ognyan alichomoa waya wa friji,
akaihamishia siagi roshani.
"Baridi ya Vidin haina bili," akasema,
akapangusa mikono kama aliyemaliza kuzika.

Desemba ikawa zamu ya redio.
Januari, sukari: vijiko viwili, kimoja, nusu,
kisha kijiko kitupu kikizunguka kikombeni
kwa mazoea tu, kama ngamia wa kinu.

Mume wangu anajifunza kukosa
kama mtu ajifunzavyo lugha ya nchi atakayohamia:
maneno machache kila siku,
akiyarudia kwa sauti bafuni
juu ya ndoo moja ya maji.

Simcheki. Hesabu anazijua.
Miaka thelathini alisoma mita za mvuke
kwenye kiwanda cha matairi,
hadi asubuhi moja mishale yote ikalala kwenye sifuri
na hakuna aliyekuja kuwaambia nendeni nyumbani.
Jengo letu lina milango arobaini.
Usiku nahesabu madirisha yenye taa: tisa.
Shule imefungwa. Daktari wa meno
ameyafuata meno yenye pesa, Ujerumani.
Binti yetu hupiga simu Jumapili kutoka Valencia
na kutuuliza kama bado kuna mkate.
"Haitaanguka kwa kishindo, Tsvetana," huniambia,
"nchi huisha kama sabuni."

Basi tukaanza kupungua kabla yake,
isije ikatukuta wanene.
Gari likauzwa. Koti la pili likatolewa.
Viatu vikapelekwa kwa fundi Spas, soli juu ya soli,
hadi Ognyan akaongezeka kimo uzeeni.
Akiba haiozi, wanasema;
sisi tukajiwekea akiba ya kutokuwa na kitu.
Kila kilichoondoka alikikata kwenye daftari
kwa penseli fupi kama jino la mtoto,
iliyochongwa ncha mbili.

Kisha akafika kwenye chupa zangu.
Nyanya, pilipili, jamu ya plamu: chupa sitini.
"Tuko wawili," akasema. "Arobaini zatosha."
Nikasimama mlangoni mwa stoo na mwiko mkononi.
Hakuendelea, lakini aliandika.

Mimi lugha hiyo sikufundishwa, niliinyonya.
Mama alifua mifuko ya plastiki
akaianika kambani kati ya soksi.
Bibi aligawa yai moja kwa watoto watatu
na kila mmoja akalala akiamini
kiini alipewa yeye.

Februari, theluji ikiwa imefika magotini,
Nedyalka wa ghorofa ya tano alibisha hodi.
Mjukuu anakohoa, akasema, na chai hainyweki,
hata sukari kidogo tu, kidole kimoja cha sukari.
Ognyan alikuwa ameshika kitasa.
"Hatuna," akajibu.
Wala hakusema uongo. Alikuwa ameuhangaikia
ukweli huo miezi minne.

Sijui nilipita vipi ubavuni mwake.
Nilipiga magoti kwenye ubao wa sakafu ulio nyuma ya mashine ya kufulia,
ule unaolia ukikanyagwa,
nikatoa asali: chupa ya sitini na moja,
isiyokuwamo daftarini
wala kichwani mwa mtu ila mimi.
Nedyalka aliikumbatia kama mtoto aliyevishwa nguo nzito,
akapanda ngazi gizani, akihesabu kwa sauti
ili asijikwae.

Mume wangu alinitazama
kama mwanafunzi anayemsikia mwenyeji akizungumza
upesi kupita penseli yake.
"Ziko ngapi chini ya hapo?"
"Sihesabu," nikamwambia.
"Na zikiisha?"
Nikaenda kukoroga dengu.

Tulizima taa saa mbili, kama kawaida.
Usingizi ulinipitia nusu, nusu ukanisahau.
Nikasikia ubao ule unalia,
kisha kimya kirefu cha mtu mzima aliyefumaniwa na sakafu,
kisha, jikoni, kijiko kikizunguka kikombeni
polepole, kizito,
kama kimepata cha kuzungukia.